Ngazi ndizo zinazochagua kigari cha mtoto

Muuzaji alikisukuma kigari kwa kidole kimoja, kikateleza juu ya vigae vya duka kama kimepakwa mafuta. Mke wangu, mimba ikiwa ya wiki 34, akatabasamu. Mimi nikamwomba yule kijana jambo moja tu: akikunje kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umepakata mkoba wetu kana kwamba ndiye mtoto. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu ilibidi goti liingie kazini, na gurudumu la mbele likamwangukia kiatuni. Kigari kile kilikuwa na uzito wa kilo 13. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, na jengo letu halina lifti.

Ukiwauliza wazazi wa mjini kuhusu kigari cha mtoto wa kwanza utakuta wamegawanyika makundi mawili, na kila kundi limeapa. Wapo wanaosema nunua kigari kamili tangu mwanzo, chenye kitanda cha kulalia, magurudumu makubwa na springi. Wengine wanakuambia hayo ni mashauzi, chukua chepesi cha kukunja, kilo 6 au 7, uunusuru mgongo.

Nianze na wa kwanza, kwa sababu hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Mtoto mchanga hana nguvu ya shingo. Akikalishwa kwenye kiti kilichosimama, kichwa huinama, kidevu kikagota kifuani, na njia ya hewa iliyo nyembamba hivyo ikabanwa. Ndiyo maana miezi ya mwanzo anatakiwa alale chali, mgongo ukiwa umenyooka. Vigari vingi vyepesi haviwezi hilo: kiti kinalala kidogo kisha kinagoma, na ukisoma maandishi ya mtengenezaji utaona kimekusudiwa mtoto wa kuanzia miezi 6. Muuzaji hakusomei maandishi hayo. Yasome mwenyewe.

Pili ni barabara. Gurudumu dogo la plastiki likikutana na ukingo wa barabara au ufa wa lami husimama kama limefungwa, na kinachoendelea mbele ni mtoto. Gurudumu kubwa hupanda. Atakayepita kila siku kwenye kokoto na mashimo hawezi kubezwa akisema anataka tairi za maana.

Kisha kuna suala la mtoto kukaa juu au chini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walipitia tafiti zilizokuwapo wakaeleza kwamba vigari vingi humweka mtoto kati ya sentimita 55 na 85 kutoka ardhini, kimo ambacho moshi wa magari umejaa zaidi, na kwamba mtoto anaweza kukumbana na uchafu wa hewa hadi asilimia 60 zaidi ya mzazi anayemsukuma. Vile vikubwa vyenye kitanda humwinua kidogo. Lakini sidhani hoja hii inatosha kuamua ununuzi. Ukibadilisha njia, ukapita mtaa wa nyuma badala ya kusimama kwenye taa za barabarani nyuma ya lori, umefanya kazi ambayo kigari hakiwezi kukufanyia.

Suala ambalo mimi nalipa uzito ni mtoto anatazama wapi. Wazo la kitanda cha kigari kinachogeuzwa ili mtoto amtazame anayemsukuma si geni, William H. Richardson wa Marekani alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1889. Vigari vingi vyepesi vya baadaye vililiacha, mtoto akawa anatazama mbele tu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, alitoa matokeo ya utafiti uliohusu wazazi na watoto zaidi ya 2,700 walioangaliwa mitaani. Wazazi waliotazamana na watoto wao walizungumza nao kiasi cha mara mbili zaidi. Mtu anaweza kupinga: huenda mzazi mwenye mazungumzo ndiye anayenunua kigari cha kutazamana. Pingamizi hilo ni la haki, ila kulikuwa pia na jaribio dogo la watoto 20 waliosukumwa sehemu ya njia wakitazama mbele na sehemu wakimtazama mama, na humo pia kutazamana kulizaa maneno zaidi. Watoto 20 ni wachache mno kujengea sheria. Wananitosha mimi kuuliza dukani, "Kiti hiki kinageuka?"

Sasa upande wa pili. Kigari chepesi cha leo kina asili ya kufurahisha. Owen Maclaren, Mwingereza mstaafu aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, alimwona binti yake akihangaika na kigari kizito safarini. Mwaka 1965 akabuni cha alumini kinachojikunja kama mwavuli, chini ya kilo 3. Hakukitengeneza kwa ajili ya mtoto. Alimtengenezea mtu anayebeba.

Hapo ndipo mabishano mengi yanapopotoka, kwa maana watu hulinganisha vigari vikiwa vinasukumwa. Mjini, muda mwingi kigari hubebwa. Hubebwa ngazini, hubebwa kupandishwa basi, huinuliwa kuvuka mfereji, hukunjwa mlangoni kwa jirani aliyelalamika kwamba ukumbi umezibwa. Piga hesabu ya kwetu: kigari kilo 13, mtoto kilo 4, mkoba wa nepi kilo 3 ukijitahidi. Jumla kilo 20, ngazi tatu, mkono mmoja ukiwa kwenye reli. Na anayepanda ni nani? Mara nyingi ni mama aliyejifungua juzi. Aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa hospitalini asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa takriban wiki 6. Kwa hiyo kigari kinachosifiwa kuwa cha siku za mwanzo kabisa ndicho ambacho katika siku hizo hataweza kukiinua. Sijasikia muuzaji akilitaja hili.

Utasikia jibu: kiache chini, kwenye ukumbi. Sawa, kama ukumbi upo, kama unafungwa, na kama njia ya kutokea wakati wa moto haizibwi. Kwetu, masharti matatu yalianguka yote.

Katikati ya makundi haya mawili kuna kitu ambacho maduka hukisukuma sana: seti nzima, ambayo kiti cha gari cha mtoto kinapachikwa juu ya fremu ya kigari. Mtoto amelala garini, hutaki kumwamsha, unamng'oa na kiti chake na safari inaendelea. Kwa mwenye gari na safari fupi, hilo ni faraja ya kweli. Tatizo ni kwamba kiti hicho kimeundwa kumlinda katika ajali, kikiwa kimefungwa kwa mwinamo maalumu garini. Si kitanda. Akilala humo saa nyingi tunarudi kwenye lile la kidevu kugota kifuani. Tena wengi wa tuliopanga mjini hatuna gari, kwa hiyo theluthi ya seti tunayoilipia inabaki juu ya kabati.

Wapo watakaosema makelele yote ya nini, mbeleko ipo. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kwa wiki zile za mwanzo, ngazini na ndani ya basi lililojaa, hakuna kigari kinachoishinda mbeleko, mradi uso wa mtoto unaonekana, hakuna nguo iliyomfunika pua, na kidevu chake hakijabana kifua. Ila uzito unaongezeka. Mtoto wa kilo 8 mgongoni, jua kali, na mfuko wa sokoni mkononi: hapo ndipo watu huanza kuulizia kigari.

Nikiwekwa kwenye mizani, naegemea upande wa chepesi, kwa sharti moja gumu: kiti kilale kabisa. Siku hizi vipo vya kilo 7 hadi 9 vinavyolala na kugeuka, ingawa bei yao inauma. Mwenye lifti pana na barabara mbovu simlaumu akichukua kile kikubwa, apime tu mlango wa lifti kwanza, na kigari kikiwa kimefunguliwa. Kitanda cha kulalia hutumika hadi mtoto anapoanza kujiinua au kufika kilo 9 hivi, yaani karibu nusu mwaka, basi. Ndiyo maana huwa kwenye hali nzuri sana kikifika kwa mnunuzi wa pili, na mimi ningekiazima au kukinunua cha mtumba bila haya. Lakini kiti cha gari usikinunue cha mtumba kama hujui kimewahi kupata ajali.

Kwenye cha mtumba kagua breki kwanza: kiweke mteremkoni, ufunge, uachie. Kisha bawaba. Mwaka 2009 nchini Marekani vigari vya kukunja takriban milioni 1 vilirudishwa kwa marekebisho baada ya watoto 12 kukatika ncha za vidole kwenye bawaba wakati vinafunguliwa. Angalia mikanda ipo yote mitano: miwili mabegani, miwili kiunoni, mmoja katikati ya miguu. Maandishi EN 1888 au ASTM F833 yakiwapo, ujue kilitengenezwa kwa kufuata viwango vya usalama vya Ulaya au Marekani.

Kuna mambo mawili ambayo hata kigari bora hakiyazuii. Kitenge kilichotandazwa juu ya kigari kumkinga mtoto na jua hukigeuza kuwa tanuri, maana hewa haipiti. Na mfuko ulioning'inizwa kwenye mpini: huu ulitufundisha adabu. Nilimtoa mtoto kitini, na uzito wote uliobaki ukawa nyuma. Kigari kikapinduka kichwa chini miguu juu, vitu vikatawanyika hadi kwenye mfereji. Mtoto alikuwa mikononi mwangu. Sekunde mbili nyuma hakuwa.

Tulichonunua hatimaye kina kilo 8, kinalala, na mke wangu anakikunja kwa mkono mmoja. Kasoro yake ni magurudumu ya mbele, madogo, ambayo hunasa kila siku kwenye wavu wa mfereji ulio mbele ya geti. Nikifika hapo hukigeuza, nikatangulia kinyumenyume nikikivuta, yale makubwa ya nyuma yakapita kwanza. Mtoto ananitazama tu, kama anangoja nijifunze kutembea.