Mutukula: Mji Ukue, Lakini Barabara Zichorwe Kwanza

Mutukula hauna majengo ya kale ya kutetea. Mji huu mdogo wa Uganda, ulio kwenye mpaka na Tanzania katika Wilaya ya Kyotera, unaopitiwa na barabara itokayo Masaka kuelekea Bukoba, ulibomolewa karibu wote katika vita vya Uganda na Tanzania mwaka 1979, na unachokiona leo kimejengwa baada ya hapo. Kwa hiyo anayesema mji huu usipoteze sura yake hana maana ile ile ya mtu wa Jinja anayetetea maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi, ambayo mengine yana mwaka wa ujenzi ulioandikwa juu ya ukuta wa mbele. Sura ya Mutukula ni maisha yenyewe: migomba na kahawa nyuma ya nyumba, Kiganda na Kiswahili vikichanganywa kaunta moja, jamaa wa pande zote mbili za mpaka wanaozikana na kuozana, na vijia ambavyo kila mkazi anajua vinatokea wapi.

Maisha hayo sasa yanasukumwa na nguvu kubwa. Kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili mwezi Novemba 2017. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale huko Hoima hadi Chongoleani mkoani Tanga, linapita katika wilaya hii hii kabla ya kuvuka mpaka. Nchi nzima nayo imejaa: sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6, na ile ya 2024 ikahesabu karibu milioni 46. Watu hao wapya watalala mahali fulani, na wengi wao hawatalala Kampala.

Wanaotaka mji ukue haraka wana hoja nzito, na ni makosa kuwaita walafi. Kijana aliyemaliza shule hawezi kugawana na ndugu zake sita kibanja cha baba yao, yaani kipande cha ardhi wanachoishi na kulima, wakashiba wote. Biashara ya lori, nyumba za wageni, gereji na maghala ndiyo ajira iliyo karibu naye. Mama mjamzito anayehitaji upasuaji usiku hanufaiki na utulivu wa mji ambao hauna hospitali ya kutosha. Zaidi ya hayo, maji ya bomba na umeme hugharimu kidogo kwa kila kaya pale nyumba zinapokaribiana, na asiyekubali nyumba zikaribiane hana budi kueleza gharama hiyo italipwa na nani.

Wanaoogopa ukuaji nao wana mfano wa kuonyesha. Nansana na Kira zilikuwa mashamba ya pembezoni mwa Kampala katika kumbukumbu za watu ambao bado wako hai. Leo zote mbili ni manispaa, na anayetaka kupanua barabara huko lazima kwanza apambane na kuta za nyumba za watu. Hofu yao, kwa maoni yangu, ni ya haki, ila mara nyingi wanaielekeza mahali pasipo pake. Wanalaumu ghorofa na wageni, ilhali kinachoharibu mji ni namna ardhi inavyokatwakatwa miaka mingi kabla ghorofa la kwanza halijasimama.

Tuangalie kiwanja cha kawaida cha Uganda, kile cha futi 50 kwa 100. Ekari moja hutoa viwanja vinane vya kipimo hicho, na muuzaji anayetaka vinane vyote hubakiza ujia wa kupita bodaboda, gari la wagonjwa halipiti. Kiwanja hicho ni takriban mita 15 kwa 30. Wataalamu wa maji hupendekeza choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye chemchemi au kisima, yaani urefu wote wa kiwanja. Mnunuzi anajenga nyumba mbele, vyumba vya kupangisha pembeni na choo mwisho kabisa, na jirani wa nyuma anachimba cha kwake ukutani hapo hapo. Chini ya mteremko kuna chemchemi ambayo kijiji kizima kilikuwa kikichota. Hakuna aliyevunja desturi, wala hakuna aliyekusudia ubaya, lakini maji yamekwisha kuharibika.

Sheria ya kuzuia hali hii ipo. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010 ilitangaza nchi yote kuwa eneo la mipango, vijiji vikiwemo. Ugumu uko kwenye umiliki. Katika Buganda, ambako Mutukula umo, ardhi ya mailo, mfumo wa umiliki wa huko, ina mwenye hati na ina mwenye kibanja anayeishi juu yake na kulipa busuulu, yaani kodi ya ardhi kwa mwenye hati, na wote wawili wana haki inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya 1998. Ramani iliyochorwa ofisini bila kuwakalisha hawa pamoja itabaki kwenye kabati. Na Katiba, katika ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa wanyonge wameumizwa vya kutosha kwa jina la maendeleo. Lakini maana yake ni kwamba barabara inayopita leo kwenye migomba itagharimu mara nyingi zaidi ikingojewa hadi ipite sebuleni kwa mtu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka kanuni za kuzuia urefu wa majengo, wala na wale wanaotaka kilimo na mifugo vipigwe marufuku mjini ili mji uonekane wa kisasa. Ghorofa moja kando ya barabara kuu halimdhuru mtu, na shamba la nyuma ya nyumba ndilo linalowalisha wengi mwezi ambao biashara ya mpakani inalala. Vitu vya kuwekewa mipaka isiyoguswa ni vichache: njia za kupita, uwanja wa soko, chemchemi na ardhi oevu inayozizunguka, shule na makaburi. Halmashauri ya mji ianze na hivyo kabla ya kuuza kibali chochote kingine. Iwaite wenye hati na wenye vibanja mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, mtaa kwa mtaa, kila mmoja akubali kutoa ukanda mwembamba wa ardhi yake kwa ajili ya barabara, na mawe ya mipaka yasimikwe siku hiyo hiyo, wote wakishuhudia. Asiye na cha kutoa bila kuumia, kama mjane mwenye robo ekari, alipwe kwanza, na fedha hizo zitoke kwa wale ambao viwanja vyao vitapanda bei barabara itakapofunguliwa.