Waliofikiwa ni wengi, waliojifunza ni wangapi?

Ripoti nyingi za mwaka za asasi zisizo za kiserikali hufunguliwa kwa hesabu za namna moja: watoto waliofikiwa, vitabu vilivyogawiwa, wazazi waliohudhuria semina ya malezi. Kwa kawaida hesabu hizo si za uongo, kwa kuwa nyuma yake zipo orodha za mahudhurio zenye sahihi na stakabadhi za posho, na mkaguzi akija huonyeshwa. Kasoro yake ni kwamba zinaeleza kazi aliyoifanya mwenye mradi, ilhali msomaji anataka kujua mtoto amepata nini. Serikali nazo zilipita njia hiyo hiyo. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa Uganda mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, madarasa yalifurika, na kufurika kwenyewe kukahesabiwa kuwa mafanikio.

Mradi wa Uwezo, ulioanza Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa ASER, upimaji wa kusoma wa nyumba kwa nyumba wa India, ulivunja mazoea hayo kwa kipimo chepesi mno. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba, wakampa mtoto herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na wakaandika alipokwama. Kwa kuwa alipimwa nyumbani, hata mtoto aliyeacha shule alihesabiwa. Nchini Tanzania, upimaji wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi hiyo kwa Kiswahili. Mzazi asiyewahi kushika ripoti ya tathmini aliielewa takwimu hiyo mara moja.

Hata hivyo, wanaosema kwamba vipimo vya aina hii vinaifinya elimu wana hoja. Kusoma aya kunapimika kwa dakika chache. Udadisi, heshima na kujiamini havipimiki hivyo. Miradi ya familia ina ugumu zaidi. Baba aliyetoka kuhudhuria semina ya kupinga viboko, akiulizwa wiki inayofuata kama bado anamchapa mtoto, anajua vyema jibu ambalo muulizaji analitaka, hasa ikiwa muulizaji ndiye aliyemlipa nauli. Njia iliyo salama kidogo ni kumtuma mtu asiyehusika na mradi, tena baada ya miezi kadhaa, na kulinganisha na familia ambazo hazikuhudhuria. Njia hiyo ina gharama, na asasi ya wilayani yenye watumishi wanne haiimudu. Mfadhili anayedai ushahidi huo bila kuulipia anajua, au angepaswa kujua, kwamba ataletewa takwimu za kupikwa.

Kuhusu kuwapa watu matokeo, wengi wetu tuliamini kwamba mzazi akijua mwanawe hasomi, atachukua hatua. Watafiti waliifuatilia imani hiyo vijijini Kenya, ambako wazazi waliopimiwa watoto na Uwezo walipewa majibu pamoja na maelezo ya namna ya kusaidia, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014 haukuona badiliko la maana katika mwenendo wa wazazi hao. Sidhani kwamba matokeo hayo yanaondoa haja ya kuwaambia wazazi. Yanachoonyesha ni kwamba mzazi anaweza kuwa na taarifa na bado asiwe na mtu wa kumwendea, wala imani kwamba mwalimu mkuu atamsikiliza.

Twaweza, asasi iliyoulea Uwezo, ilikwenda mbali zaidi kupitia KiuFunza, jaribio lililofanyika katika shule 350 za Tanzania mwaka 2013 na 2014. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, katika nyingine walimu wakaahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu, na nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama; vyote viwili kwa pamoja viliinua. Asasi inayoishi kwa kuomba fedha za vitabu na madawati haifaidiki kutangaza kwamba fedha peke yake hazikusaidia, na ndiyo maana naliona tangazo hilo kuwa na thamani kuliko ripoti kumi za mafanikio.

Wapo wanaonyamaza kwa sababu nyingine. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya Tanzania ilirekebishwa hivi kwamba kuchapisha takwimu za kupinga zile rasmi kukawa kosa, na kipengele hicho kiliondolewa mwaka 2019. Katika hali kama ile, asasi iliyohesabu vitabu ilikuwa salama, na iliyouliza kama watoto wanaweza kuvisoma ndiyo iliyohitaji wakili.