Mama mkwe aliosha nyama

Nyama ya bœuf bourguignon, ule mchuzi wa ng'ombe wa Kifaransa unaopikwa kwa mvinyo, ikishalala usiku kucha kwenye mvinyo mwekundu, ukifunua bakuli asubuhi haina sura ya kumvutia mtu. Inakuwa ya zambarau iliyopauka, kama kidole kilichobanwa na mlango. Hiyo ndiyo nyama aliyoikuta mama mkwe kwenye friji yetu hapa Dijon, Ufaransa, Jumapili, mimi nikiwa nimetoka kununua mkate.

Mama alikuwa ametoka Machame, Kilimanjaro, kuja kumwogesha mjukuu, na mama aliyekuja kumtunza mzazi hakai kitako sebuleni. Narudi, nafungua mlango, napokelewa na harufu ya tangawizi.

"Mama, mmeshaanza kupika?"

"Ndiyo, baba. Ile nyama yenu ilikuwa imechacha. Nimemwaga yale maji yake, nimeiosha na ndimu mara tatu, sasa iko motoni."

Yale maji yake yalikuwa chupa nzima ya pinot noir, mvinyo mwekundu wa mkoa huu wa Burgundy, mililita 750. Kwenye sinki limebaki duara la zambarau. Karoti na majani ya kunukia vilikuwa kwenye pipa la taka, maana navyo vilikuwa vimebadilika rangi.

Mkwe hagombezwi. Nikasema, "Asante, Mama," nikaenda chumbani kwa mke wangu. Nilimkuta amejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika.

Sasa hesabu ya hasara. Kuosha kwenyewe si msiba mkubwa: mvinyo hauingii ndani ya nyama zaidi ya milimita chache, hata ukiilaza usiku kucha, na wapishi wengi huruka hatua hiyo kabisa. Msiba ni kwamba kilichomwagwa ndicho mchuzi wenyewe. Bourguignon haina mchuzi mwingine. Mvinyo ule ule uliolaza nyama ndio unaoipika.

Msiba wa pili ulikuwa unachemka jikoni. Nilikuwa nimenunua kilo moja na nusu ya paleron, nyama ya bega yenye ule mshipa mweupe unaopita katikati, nikaikata vipande vya sentimita tano. Ukubwa huo ni wa makusudi, kwa sababu kwa saa tatu nyama husinyaa, na vipande vya mchuzi wa kawaida vingeishia kuwa nyuzi. Ule mshipa ndio mtaji: una kolajeni, ile protini ngumu inayoshikanisha nyama, na moto wa taratibu huigeuza kuwa jelatini inayoupa mchuzi uzito na mng'ao. Moto mkali hukaza nyuzi za nyama na kuzikamua maji kabla kolajeni haijalegea. Na wa Mama ulikuwa unatokota mpaka mfuniko unaruka.

Nikazima. Nikaopoa vipande, nikavikausha kimoja kimoja kwa karatasi za jikoni. Mama ananitazama, hasemi kitu, lakini uso unauliza binti yake aliolewa na nani. Kukausha ni lazima: nyama yenye maji haikaangiki, inajichemsha kwa mvuke wake yenyewe na kubaki ya kijivu. Nikayeyusha gramu 200 za vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, nikavitoa, na kwenye mafuta yake nikakaanga ng'ombe, vipande vitano sita kwa zamu. Ukivijaza vyote kwa pamoja sufuria inapoa na maji yanarudi. Nyama iliyokwisha kuchemshwa haishiki rangi vizuri, lakini ilipata ya kuridhisha. Nikakaanga kitunguu na karoti nyingine, nikarudisha nyama, nikanyunyiza vijiko viwili vya unga wa ngano.

Ikabaki habari ya mvinyo. Jumapili mchana maduka mengi ya Ufaransa yamefungwa. Kabatini mlikuwa na chupa mbili. Moja ni crème de cassis, kileo kitamu cha matunda meusi madogo, fahari ya mji huu, lakini ni sukari tupu. Ukiichemsha saa tatu utapata jamu yenye nyama. Nyingine ni Gevrey-Chambertin, mvinyo mwekundu wa Burgundy wa bei ghali, zawadi, tuliyokuwa tunaiwekea ubatizo wa mtoto.

Nikazibua Gevrey. Iliniuma, kwa kuwa mvinyo wa namna hiyo unauzwa kwa manukato yake, na manukato ndiyo yanayotangulia kuruka na mvuke. Kinachobaki ni uchachu, rangi na ule ukakasi, na hivyo hata chupa ya bei ya chini inavyo, mradi isiwe tamu. Nikaichemsha bila mfuniko dakika kumi makali ya pombe yapungue, nikaongeza mililita 300 za ile supu ya tangawizi. Si zaidi, kwa kuwa Mama alishaitia chumvi, na mchuzi ukipungua nusu, chumvi inabaki pale pale na kuzidi ukali.

Kisha ovenini, nyuzi joto 150. "Mchuzi mnauoka?" Mama akauliza. Nikamweleza kwamba oveni huleta joto pande zote, kwa hiyo unga haushiki chini. Akaguna.

Baada ya saa mbili u nusu, kijiko kilikata nyama. Mchuzi ulikuwa mchachu kidogo kwa sababu ya ndimu. Kipande cha chokoleti nyeusi, ukubwa wa kucha ya dole gumba, kikautuliza. Uyoga gramu 250 nilioukaanga pembeni kwa siagi, na vitunguu vidogo vilivyong'arishwa kwa siagi na sukari kidogo, viliingia dakika ishirini za mwisho pamoja na ile nguruwe. Uyoga ukiingia mapema unalegea na kumwaga maji yake mchuzini.

Wageni walikuwa wawili, mmoja mzaliwa wa Beaune, mji wa mvinyo hapa hapa Burgundy. Alionja, akasimama, akaonja tena.

"Kuna kitu humu."

"Tangawizi," mke wangu akasema.

"Na mvinyo?"

Nikamwonyesha chupa tupu. Akaweka uma chini taratibu. Mama akataka kujua mgeni amepatwa na nini, ndipo mke wangu akamgeuzia bei ya chupa ile kwa hesabu ya mbuzi.

Mama hakujibu. Alimega mkate, akaivuta sufuria mbele yake, akaanza kuifuta mpaka pembeni. Yule wa Beaune naye akamega wake, akasogeza kiti.