Msalaba wa Nijmegen: medali ya kushiriki yenye sura ya nishani ya vita

Kila Julai, makumi ya maelfu ya watu hutembea siku nne mfululizo kuuzunguka mji wa Nijmegen, Uholanzi, na kila anayemaliza hupewa msalaba mdogo unaoning'inia kwenye utepe. Matembezi hayo yalianza mwaka 1909, wakati washiriki karibu wote walikuwa wanajeshi, na mpaka leo askari wa Uholanzi wanaruhusiwa kuuvaa msalaba huo kwenye sare. Ruhusa hiyo ndiyo inayozua swali: je, medali ya kushiriki mchezo inastahili umbo la nishani ya vita?

Wanaopinga wana hoja nzito. Katika jeshi hilohilo, msalaba ni umbo la ushujaa. Militaire Willems-Orde, nishani ya juu kabisa iliyoanzishwa mwaka 1815, ni msalaba. Bronzen Kruis ya mwaka 1940 ni msalaba wa shaba kwa waliofanya jambo la kijasiri mbele ya adui. Sasa anayemaliza matembezi kwa mara ya kwanza naye hupata msalaba wa shaba. Askari mwenzake ataitambua tofauti kwa kutazama utepe na nafasi yake kifuani, lakini raia aliyesimama kando ya gwaride hajui kusoma tepe; anachokiona ni msalaba. Naiona hii kuwa kasoro halisi, kwa sababu nishani huvaliwa ili ieleweke na wengine.

Hata hivyo, ni makosa kusema kwamba msalaba huu hutolewa kwa kuhudhuria tu. Askari kwa kawaida hutembea kilomita 40 kwa siku akiwa na shanta lenye uzito usiopungua kilo 10, na anayeshindwa siku ya nne kwa malengelenge ya nyayo hurudi kambini mikono mitupu. Hakuna mshindi wala wa pili. Shaba, fedha na dhahabu hapa hazionyeshi nani alimshinda nani, bali mtu amerudi na kumaliza mara ngapi. Huo, kwa maoni yangu, ndio ubora mkubwa wa ubunifu wake: unatukuza ustahimilivu, sifa ambayo jeshi lolote linaihitaji kuliko kasi.

Wapo pia wanaotaka umbali uonekane kwenye medali, kwa kuwa mzee wa kilomita 30 hupata msalaba uleule wa kijana wa kilomita 50. Sikubaliani nao, maana umbali hupangwa kwa kuzingatia umri na jinsia, na kila mmoja hupewa mzigo unaomfaa.

Msalaba wa Nijmegen uachwe ulivyo, kwa sababu zaidi ya miaka 100 imeupa maana yake yenyewe miongoni mwa Waholanzi. Jeshi linalobuni leo medali mpya ya michezo halina historia hiyo ya kuegemea, hivyo lichague duara la kawaida, lichonge juu yake jina la mchezo, na liache msalaba kwa waliokabili risasi.