Ndizi na Baraka Yake: Shehakol Isiwe Kichaka cha Kujificha

Mgomba si mti. Mkulima yeyote anajua: ukishakata mkungu, lile shina halizai tena, unaliangusha na chipukizi linashika nafasi. Sheria ya Kiyahudi inamtaka mlaji ajue hivyohivyo kabla ndizi haijafika mdomoni, kwa kuwa kila chakula husomewa baraka yake kabla hakijaliwa. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya kale ya sheria hiyo, katika kitabu chake cha baraka, Berakhot, sura ya 6, inauliza: tunda likichumwa, tawi linabaki na kuzaa tena? Likibaki, baraka ni ha'etz, "uliyeumba tunda la mti". Lisipobaki, ni ha'adama, tunda la ardhi. Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha Yosef Karo cha karne ya 16, inaitaja ndizi kwa jina na kuiweka chini ya ha'adama. Nanasi nalo ni la ardhi. Embe na parachichi ni za mti.

Wengi wanakwepa hesabu hii kwa kusema shehakol, "ambaye vyote vimekuwa kwa neno lake", juu ya kila kitu. Kweli Mishna, matini ya sheria ambayo Talmudi inaifafanua, inasema aliyefanya hivyo ametimiza wajibu. Lakini ruhusa hiyo ni ya kumwokoa aliyekwisha kosea, na kuigeuza mazoea ni kuitumia vibaya. Rava, mwanazuoni wa Talmudi, alishaelekeza: mtu aende kwanza kwa mwenye elimu afundishwe baraka, asije akala mali ya Mungu bila idhini.

Tena makosa hayalingani. Ukisema ha'adama juu ya embe, imepita, kwa sababu mti nao unakula ardhini. Ukisema ha'etz juu ya ndizi, haikupita. Basi ukitatizika kati ya hizo mbili, sema ha'adama.

Kosa ninaloliona kubwa ni la mikono. Mtu anasema baraka, halafu ndipo anaanza kumenya. Menya kwanza, shika kwa mkono wa kulia, sema, uma, na usizungumze mpaka umemeza. Umekumbuka ndizi ikiwa tayari mdomoni? Isukume shavuni useme baraka. Chakula kisichochukiza kikitolewa, kitoe.

Baraka ya kabla haina kiwango, hata tonge dogo linaihitaji. Ya baada ya kula inahitaji ujazo wa zeituni, ambao wengi hukadiria kuwa mililita 27 hivi, ulioliwa ndani ya dakika chache. Kwa kinywaji ni revi'it, yaani robo ya kipimo cha kale, mililita 86 kwa kipimo kilichoenea, na inywewe kwa mfululizo. Hapo ndipo kahawa ya moto inapoleta shaka, kwa kuwa hunywewa kwa mafunda madogomadogo. Wapo wanaoacha kiasi hicho kipoe mwishoni ili wakinywe kwa mara moja.

Wali una hukumu ya peke yake: kabla unasomewa baraka iitwayo mezonot, kama vyakula vya ngano visivyo mkate, na baada yake baraka fupi ya borei nefashot, kama nyama au maji.