Peugeot ya 1974 Haing'ari Namna Ile

Kuna fundi mmoja hapa Malindi, gereji yake iko nyuma ya soko, ambaye tamthilia haitazami, anaikagua. Kinyozi jirani yake ana televisheni na flashi iliyojaa vipindi vya zamani vya Uingereza, na magharibi ikishaswaliwa tunajikusanya pale kibarazani. Sisi wengine tunafuata nani kaiba kondoo wa nani. Macho yake yeye yako nyuma ya waigizaji, kule barabarani.

"Rudisha. Rudisha kidogo. Hapo!"

Kinyozi anarudisha, mteja kakaa na povu shavuni. Nyuma ya polisi limepita gari, sekunde mbili hazikutimia, na fundi ameshalisoma: aina yake, mwaka wake, na kama lilikuwa na haki ya kupita pale. Mara nyingi hukumu ni "Sawa, endelea." Siku ikiwa si sawa, tunarudi majumbani usiku mkubwa.

Anachokipenda zaidi ni Heartbeat, kile kipindi cha ITV cha polisi wa kijijini huko Yorkshire, kilichoonyeshwa kuanzia 1992 hadi 2010. Kisa chote kimewekwa miaka ya sitini, na polisi wake wanaendesha Ford Anglia ya buluu na nyeupe, ile ambayo kioo chake cha nyuma kimeinamia ndani kama kilichowekwa kinyume. Anglia ya namna ile ilitengenezwa kati ya 1959 na 1968, kwa hiyo hapo hapana ugomvi. Ugomvi uko kwenye namba. Uingereza ilianza 1963 kuweka herufi ya mwaka mwishoni mwa namba ya gari: A ni 1963, B ni 1964, C ni 1965, hivyo hivyo. Mwaka 1967 wakahamisha tarehe ya kubadilisha kutoka Januari hadi Agosti, ndiyo maana E iliishi miezi saba tu kabla F haijaingia. Fundi wetu hajavuka hata Namanga, lakini herufi hizo anazitaja kama mtoto wa chuo anavyotaja juzuu. Kisa kikiwa cha 1965 na kwa nyuma likapita gari lenye G, gari hilo limesajiliwa Agosti 1968 au baadaye. Halina la kujitetea.

Je, hiyo ni kazi ya maana au ni uchokozi tu?

Hoja ya fundi si nyepesi. Anasema mtu akikuuzia zamani, akuuzie zamani kweli. Tamthilia za namna hii haziuzi kisa peke yake. Kisa cha mwizi wa kondoo kingeweza kuwekwa mwaka wowote. Zinauza redio, koti, wimbo, mlio wa injini, kile kitu kinachomfanya mtu wa miaka sabini aseme "babangu alikuwa nayo hiyo." Sasa huyo mwenye babake ndiye atakayeliona kosa kwanza, na akishaliona halitamtoka. Umemwita mgeni ukamwambia biriani ni ya nyama ya mbuzi. Usimwambie mbona anachunguza mfupa.

Lakini upande wa pili hesabu yake ni ngumu. Heartbeat imedumu miaka 18 ikisimulia miaka isiyozidi 10. Anglia iliyotoka kiwandani 1967 ilikuwa na miaka 25 kipindi kilipoanza, na zaidi ya 40 kilipokwisha. Kila mwaka magari yaliyobaki yanapungua, spea zinapungua, na wenye kuyamiliki wanazidi kuyaonea wivu. Mtayarishaji hachagui gari kama mtu anayeingia dukani. Anaazima lililopo, kwa mtu aliyekubali, siku ambayo limewaka.

Mimi nilikuwa upande wa fundi moja kwa moja, mpaka vijana wa hapa waliponiomba niwasaidie kutafuta magari ya mchezo wao. Walitaka kurekodi kisa kifupi cha 1974: bwana mmoja wa Malindi anampeleka mkewe mjamzito Mombasa, mimba imeleta matatizo, na njiani ndugu wawili wa mke wanagombana. Pesa zenyewe zilikuwa za mchango. Fundi nikamtia kuwa mshauri, bila malipo, kosa ambalo nalijutia na nalishukuru kwa pamoja.

Gari la kwanza tulilopewa lilikuwa pikapu ya Peugeot 504, nzima, bei nafuu. Fundi akakataa hata kulizunguka. Peugeot 504 yenyewe imetoka 1968, kweli, lakini pikapu yake imetoka 1979. Mwandishi wa kisa akasema nani atajua. Fundi akamjibu, "Mimi najua, na mimi ndiye uliyeniita." Tukarudi kutafuta Peugeot 404. Hiyo ilikuwa imeshakuwapo tangu 1960, na Wakenya waliiheshimu kwa haki: ilishinda Safari Rally 1963, halafu mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968. Gia yake iko kwenye shingo ya usukani, na mwigizaji wetu, kijana wa miaka ishirini na tano, ilimchukua siku mbili kuacha kupapasa chini kama aliyeangusha funguo.

Likaja suala la Land Rover ya ofisa wa serikali. Hapa tulipoteza asubuhi nzima. Zile za mwanzo taa zake za mbele zimekaa karibukaribu, katikati, kama macho ya ngiri. Mwishoni mwa miaka ya sitini taa zikasogezwa kwenye mabawa, na 1971 ikaja Series III yenye grili ya plastiki. Mmoja akataka ya taa za kati kwa kuwa "inaonekana ya zamani zaidi." Mwingine akataka Series III kwa kuwa ndiyo ya miaka ile. Ukweli ni kwamba 1974 zote mbili zingekuwa barabarani, na ofisi ya huku pwani ndiyo ingekuwa na ile kuukuu. Hata kijigari cha Fiat tulichodhani ni kichekesho fundi alikitetea: Fiat ni ya Waitaliano, na Waitaliano walikuwa hapa jirani, Ngomeni, kwenye San Marco, jukwaa lao la kurushia satelaiti, na satelaiti ya Uhuru imerushwa pale tarehe 12 Desemba 1970. Fiat katika Malindi ya 1974 haihitaji kujieleza.

Tulipokwisha kubishana taa, fundi akaomba asomewe kisa chenyewe tangu mwanzo. Akasomewa. Bwana anamtia mkewe garini alfajiri, wanagombana njiani, saa mbili baadaye wako hospitali Mombasa.

"Kilifi mmevukaje?"

Kimya.

"Daraja la Kilifi limefunguliwa 1991. Mwaka 1974 pale ni feri. Feri iko ng'ambo, mbele yenu pana malori na basi, mke anagumia kiti cha nyuma, na nyinyi mnaniambia saa mbili?"

Tangu siku ile nimekuwa nikiyapima makosa haya kwa mizani nyingine. Wiki nzima tulikuwa tumegombania grili na pikapu, mambo ambayo hayamzidishii wala hayampunguzii yule mwanamke kitu, na tumepitisha daraja zima ambalo halikuwapo. Kosa la grili linaharibu picha. Kosa la daraja linaharibu watu, kwa sababu kisa cha mtu aliyekwama kwenye foleni ya feri si kisa cha mtu aliyepita juu ya mkondo dirisha wazi. Mwandishi, nimpe haki yake, aliandika upya sehemu yote. Ugomvi wa wale ndugu wawili akauhamishia ukingoni, wanasubiri feri. Ndipo mchezo ukapata roho. Feri hatukuwa nayo, bila shaka. Tulirekodi nyuso tu zikitazama maji.

Kwa mizani hiyo, yako makosa ambayo siyasamehi. Gari la abiria la matatu lenye mstari wa manjano ubavuni katika kisa cha miaka ya themanini, kwa mfano. Mstari ule umekuja na sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Februari 2004, pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo. Aliyepanda matatu kabla ya hapo anakumbuka alivyopakiwa, na goti la nani lilikuwa wapi. Ukiweka mstari ule umefuta msongamano wote, umemkalisha abiria kistaarabu katika zama ambazo hakukaa kistaarabu. Hali kadhalika bodaboda: zilifurika baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo 2008. Kabla ya hapo mtu wa kijijini aliyefikwa na dharura usiku alitembea, au alibebwa kwa baiskeli. Namba za gari zenye herufi mwishoni, zilizokuja na mfululizo wa KAA mwishoni mwa miaka ya themanini, hizo naziweka katikati. Zinakera, lakini hakuna aliyefika mapema kwa sababu ya herufi.

Liko kosa jingine ambalo wakaguzi wa aina ya fundi hawaliandiki kabisa, na kwangu ndilo kubwa: magari yote ni ya mwaka mmoja, na yote ni safi. Tamthilia ikiwa ya 1965, utaona barabara imejaa magari ya 1964 na 1965, yanang'aa kama sahani za harusi. Barabara gani hiyo? Mtaa wowote wa kweli una gari la mwaka huu moja, la miaka mitano nyuma matatu, na la miaka kumi na tano nyuma linalosukumwa. Magari yaliyobaki mpaka leo ni yale yaliyopendwa: yaliyofunikwa turubai, yaliyopelekwa kwenye mashindano ya urembo wa magari ya Nairobi, yaliyoendeshwa Jumapili. Yaliyofanya kazi yamekufa kazini. Ukijaza mtaa kwa yaliyobaki, umeonyesha zamani ya matajiri na kuiita zamani ya watu.

Na sisi wa pwani ndio tunaodhulumiwa zaidi hapo. Gari la Malindi linaliwa. Kusi ikivuma inaleta chumvi mpaka ndani ya kabati la nguo, sembuse mlango wa gari. Kutu huanzia chini ya milango, chini ya zulia la miguuni, na pale mpira wa kioo cha mbele unapogusana na bati. Miaka sita, saba, umeshapachika bati na kupaka fila, na rangi ya kiraka haijawahi kufanana na rangi ya gari. Fundi wetu amekula na kulea watoto kwa kutu ile. Lakini nilipomwambia kwamba 404 yetu inapaswa kuchakaa, hakunielewa. Kwake mwaka ni mwaka. Uchafu ni jambo la mwenye gari.

Mwenye gari naye alikuwa na yake. Alituazima 404 kwa masharti: lisiende ufukweni, lisiegeshwe chini ya mkwaju, na kijana wake afuatane nalo na kitambaa. Kila tukimaliza kupiga picha, kitambaa. Nilimwomba aturuhusu tulipake matope ya maji kidogo, yanatoka kwa ndoo moja. Akanitazama kana kwamba nimemwomba binti yake avae viraka. Nami siwezi kumlaumu. Gari lile lina nusu karne, na si yeye aliyeandika kisa.

Ukitaka kujua ugomvi wote huu ni wa bara tu, panda boti uende Lamu. Kisiwa kile kwa miaka mingi gari lake lililojulikana lilikuwa moja, Land Rover ya DC, na watoto walilifukuza kama watoto wa kwingine wanavyofukuza ndege. Punda hana modeli. Ukirekodi Lamu ya 1974 utahangaika na vitu vingine: injini za kubandika nyuma ya mashua, boti za faiba, matangi ya plastiki juu ya mapaa, na siku hizi pikipiki. Fundi akipelekwa huko atakaa bila kazi siku moja, siku ya pili ataanza kukagua matanga.

Mchezo ulikamilika. Tuliutazama kibarazani kwa kinyozi, watu wamejaa mpaka barabarani. Fundi alikaa mbele, mikono kifuani. Feri isiyoonekana ikapita salama. Land Rover ikapita. Ikaja ile sehemu nzuri kuliko zote, 404 imesimama mbele ya nyumba, mlango wa mke unafungwa polepole, kamera karibu kabisa na bati.

"Rudisha."

Kinyozi akarudisha.

"Hapo. Simamisha. Tazameni mlangoni."

Tukatazama. Mlango ulikuwa umefutwa vizuri mno na yule kijana wa kitambaa. Ndani ya mng'ao wake, wazi kama kwenye kioo cha kinyozi, tuktuk ya manjano ilikuwa inapita kwenda mtaa wa Barani.