Nguru wa alasiri na hisa za bei ya kutupa

Katika soko la samaki la Mji wa Kale, Mombasa, nguru wa asubuhi si nguru wa alasiri. Jua likishapinda, yule yule aliyekuwa hashikiki kwa bei huanza kushushwa, na hapo wanunuzi hugawanyika. Mmoja hukimbilia bei. Mwingine, kama alivyokuwa marehemu bibi yangu, hufunua mashavu kwanza. Yakiwa mekundu, muuzaji ana haraka ya kurudi nyumbani. Yakiwa ya kijivu, mwenye haraka ni samaki.

Nimemkumbuka kwa sababu barazani kwetu Kibokoni, kahawa ya baada ya Isha siku hizi hunywewa na mazungumzo ya hisa. Vijana wamebeba mafunzo ya wawekezaji wakongwe wa Marekani: nunua kampuni inayouzwa chini ya thamani yake, ishikilie miaka, bei ikishuka usibabaike. Wazee waliopanga foleni mwaka 2008 kununua Safaricom kwa shilingi 5, wakaiona ikishuka chini ya 3 mwaka uliofuata, huwasikiliza kwa jicho la pembeni. Nimekaa na pande zote mbili, na kila upande una lake la haki.

Benjamin Graham, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia na kuunguzwa vibaya na mporomoko wa 1929, aliishikilia hoja moja maisha yake yote: bei ni kitu kimoja, thamani ni kingine. Ukikadiria kwamba hisa ina thamani ya shilingi 100, usiinunue kwa 95. Ngoja ifike 60, kwa sababu hesabu yako yenyewe huenda ina kasoro. Zile 40 usizihesabu kuwa faida. Ni bima dhidi ya makosa yako.

Hapa kwetu hoja hiyo imewahi kulipa, tena karibuni. Mwisho wa 2023 hisa ya KCB iliuzwa kwa takriban shilingi 22, ilhali faida ya benki kwa mwaka huo ilizidi shilingi 11 kwa kila hisa. Yaani faida ya miaka miwili ingetosha kuinunua benki nzima. Hofu ilikuwa na sababu: mikopo mibovu ilikuwa imerundikana, gawio la mwaka huo, yaani sehemu ya faida wanayopewa wanahisa, halikutolewa, na wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiuza na kuondoka na dola zao. Mwaka mmoja baadaye hisa ilikuwa imevuka 40. Aliyefunua mashavu aliyakuta mekundu.

Lakini Mumias, kampuni ya sukari, nayo ilikuwa ya bei rahisi. Iliuzwa kwa umma mwaka 2001 kwa shilingi 6.25, ikapanda sana, kisha ikaanza kuteremka, na kwenye kila ngazi ya kuteremka alikuwepo mtu wa kusema sasa imekuwa bei ya kutupa. Ilipofungiwa sokoni 2019 haikuwa inafika hata shilingi moja. Kenya Airways, iliyoingia sokoni 1996 kwa shilingi 11.25, ilisimamishwa Julai 2020 na haikuuzika tena hadi Januari 2025. Shauri la kushikilia kwa miaka mingi wanahisa wake walilitekeleza wapende wasipende.

Wanaomnukuu Warren Buffett, mwanafunzi mashuhuri wa Graham, husahau kwamba hata yeye alinaswa na mtego huu. Berkshire Hathaway ilikuwa kampuni ya nguo iliyokuwa ikififia, naye akaanza kuinunua 1962 kwa kuwa ilikuwa rahisi. Mkuu wa kampuni alipotaka kuzinunua hisa zake kwa bei ya chini kidogo kuliko waliyoafikiana, Buffett akakasirika, akanunua zaidi mpaka akaitawala kampuni. Viwanda vile vya nguo vilimlia mtaji hadi alipovifunga 1985. Mwenzake Charlie Munger ndiye aliyemsukuma aache kuokota vishungi vya sigara vilivyobaki pafu moja, yaani kampuni duni za bei ya chini, alipe zaidi kwa kampuni nzuri.

Kwa mtu wa Mombasa, mfano ulio karibu zaidi ni Bamburi, kampuni ya saruji. Hapa ni kiwanda tulichokua tukikiona, na machimbo yake ya zamani yaligeuzwa bustani tuliyopelekwa na shule kutazama viboko. Mwaka 2017 hisa yake iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 150. Ushindani wa viwanda vipya vya saruji ukaila faida, na kufikia 2022 bei ilikuwa chini ya 40. Katikati ya safari hiyo, mtu aliyenunua kwa 100 alikuwa na kila sababu ya kujiona mwerevu: kampuni kongwe, jina kubwa, bei imepungua kwa theluthi. Akaumia. Yule aliyengoja 35 akapona, maana Holcim, kampuni ya Uswisi iliyoshika zaidi ya nusu ya hisa, iliamua kuondoka. Hima, kampuni tanzu ya Bamburi huko Uganda, ikauzwa, wanahisa wakagawiwa fedha, na Julai 2024 Amsons ya Tanzania ikatoa ofa ya shilingi 65 wakati sokoni hisa ilikuwa karibu 45.

Tazama vizuri kilichotokea. Thamani ilikuwepo siku zote, sikatai. Ila haikujitokeza kwa sababu soko la Nairobi liliamka asubuhi moja likasoma vitabu vya kampuni. Ilijitokeza kwa sababu mwenye ufunguo aliamua kufungua mlango. New York kuna wanunuzi wengi mno, mmoja akikosa kuiona bei ya chini mwingine ataiona. Nairobi kampuni zilizoorodheshwa ni kama 60, nyingi zina mwenye nguvu mmoja, familia, serikali au kampuni mama ya ng'ambo, na kuna siku hisa fulani haipati mnunuzi hata mmoja. Mwanahisa mdogo anangoja uamuzi wa mtu mwingine. Ndiyo maana naona subira ya wakongwe hawa, ikiletwa kwetu peke yake, ni nusu ya funzo.

Kuhusu kapu lenyewe, yaani ununue kampuni ngapi, wakongwe hawaafikiani. John Templeton, mwaka 1939, alikopa dola 10,000 akanunua hisa za kampuni 104, kila hisa kwa dola moja au chini yake, 34 kati yake zikiwa tayari zimefilisika. Alizijua kuwa ni mbovu, akategemea wingi. Graham naye alihubiri kutawanya, kisha mwaka 1948 akaweka kama robo ya mfuko wake katika kampuni moja ya bima, GEICO, na hiyo moja ikamzalia kuliko zote nyingine pamoja. Kwa mwenye shilingi 50,000 mjadala huu haumhusu sana. Kampuni nne au tano alizozisoma zinamtosha. Zikifika 15 atakuwa anakusanya majina tu.

Hoja nzito zaidi dhidi ya hisa, kwa maoni yangu, haikutoka sokoni. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani ilikopa kwa umma, ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Usiache mbachao kwa msala upitao, wasemao hivyo walikuwa na hesabu yao. Kwa nini uhangaike na mizania ya benki? Jibu la mwenye hisa ni kwamba riba za juu za kipindi kile, zilizowavutia watu, ndizo zilizochangia kuisukuma KCB hadi 22. Mwenye hatifungani na mwenye hisa, wote wawili walipata.

Ila mtaani kwetu wengi hawagusi hatifungani hiyo kwa kuwa dini inakataza riba, na kwa ajili ya dini hiyo hiyo hawagusi benki, bia wala sigara. Ukizifuta hizo kwenye orodha ya Nairobi umefuta sehemu kubwa ya zile zinazotoa gawio nono. Sioni haja ya kuwahurumia. Uwanja mdogo unasomeka wote, na wanaoheshimika katika fani hii walikataa kampuni nyingi kuliko walizonunua.

Jirani yangu, mstaafu wa bandari, ana daftari la mistari lenye safu tatu. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni mali za kampuni zikigawanywa kwa idadi ya hisa. Ya tatu ameiita "ufunguo," na humo huandika nani anaweza kuifungua thamani hiyo na ana sababu gani ya kufanya hivyo. Sasini, yenye chai na kahawa, kwa miaka imeuzwa chini ya thamani ya mali zilizo vitabuni mwake, na dini haimkatazi. Safu mbili za mwanzo amezijaza kwa wino. Ya tatu, mara ya mwisho nilipochungulia, bado ilikuwa tupu, na hisa hajanunua.